Kiti cha Bi Pembeni

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Pembeni ni kwamba hakuwa amekaa. Alikuwa ameegesha paja moja kwenye ukingo wa kiti, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kama mtu aliyepitia kwa mgomvi wake kutoa salamu tu. Mgongo wake haukugusa egemeo hata kidogo. Vidole vilikuwa vikikimbia juu ya kibodi, lakini mabega yalikuwa yamepanda hadi karibu na masikio, kwa sababu meza ilikuwa juu na kiti kilikuwa chini. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, na nilitaka kila jambo lifanyike inavyostahili.

"Shikamoo, mama," nilimwambia. "Mbona hukai vizuri?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu bila kuacha kuandika. "Weka mkono kwenye hicho kiti, halafu uniambie wewe ungekaa wapi."

Niliweka mkono, na papo hapo nilijuta. Sponji lilikuwa na unyevu wa uvuguvugu, kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Kitambaa cha juu kilikuwa kimefanya doa la rangi ya chai, lenye mizunguko ndani ya mizunguko, kila mzunguko ukionyesha mahali jasho la mtu fulani lilipofika na kukauka. Pale kichwa kinapoegemea palikuwa peusi na panang'aa kwa mafuta ya nywele. Kiganja changu kilitoka na harufu ya uchachu ambayo sikuweza kuitambua. Nilikwenda kunawa, nikakuta bomba halitoi maji. Juu ya sinki palibandikwa bango la kampuni lenye picha ya mikono iliyojaa povu na maneno makubwa: Afya Yako Inaanzia Hapa.

Kampuni yetu hushughulika na bima ya afya. Watu hututumia madai yao wakishatoka hospitalini, nasi huyaingiza kwenye kompyuta ili walipwe. Kwa hiyo kutwa nzima Bi Pembeni alikuwa akiandika maumivu ya watu wengine: mgongo wa dereva, goti la mwalimu, kifua cha fundi rangi. Aliyaandika katika chumba ambacho mtu mwenye afya njema angeweza kuiacha afya hiyo mlangoni.

Naomba msomaji aingie nami ndani ya chumba hicho, ingawa najua atataka kutoka haraka. Dirisha lilikuwepo, ila mbele yake lilisimama kabati la chuma lililojaa majalada ambayo hakuna aliyeyafungua tangu yafungwe. Kiyoyozi kilikuwa upande wa pili wa ukuta, ofisini kwa meneja, na bomba lake la maji lilitokea kwetu na kudondokea ndoo. Ndani ya ndoo maji yalikuwa yamefanya ute wa kijani, na juu ya ute walielea mbu waliokufa. Kila mtu aliipita ile ndoo kwa kuinua mguu kidogo, kama anavyopita kwenye kizingiti cha kwao. Vikombe vya chai vilikuwa vya wote. Ukinyanyua kimoja unaona mdomo wa mwenzako wa jana umebaki pembeni, rangi ya waridi.

"Utazoea," aliniambia mhasibu, mtu mfupi mwenye kicheko kisichoisha, aliyekuwa akitafuna kijiti cha meno asubuhi hadi jioni. "Mimi mwaka wangu wa kwanza nilitapika. Sasa nikienda nyumbani nikakuta hewa safi, nakohoa."

Ni yeye aliyempa Bi Pembeni jina hilo, kwa ajili ya ule mtindo wake wa kukaa. Jina alilopewa na wazazi wake lilitumika siku ya mshahara tu. Bi Pembeni hakukasirika. "Bora niitwe Pembeni kuliko kukaa katikati ya jasho la wanaume," alisema, na mhasibu alicheka mpaka kijiti kikamdondoka.

Nilidhani kile kiti kiliharibika kwa bahati mbaya. La. Kiti kile kilifikishwa pale kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe uliheshimiwa kuliko bango lolote ukutani. Katika ofisi yetu viti hushuka kwa vyeo. Kiti kipya kikiingia mlangoni, bila kujali kimenunuliwa kwa ajili ya nani, huenda kwa meneja. Cha meneja humwendea msimamizi. Cha msimamizi humwendea mhasibu, cha mhasibu humwendea dada wa mapokezi, na cha dada wa mapokezi humfikia Bi Pembeni. Siku hiyo watu hupiga makofi. Kila mmoja husukuma urithi wake kwenye korido, magurudumu yakilia, na kila anayepokea husema "asante" kana kwamba amepandishwa cheo. Kwa hiyo kiti kikifika kwa Bi Pembeni kinakuwa kimekaliwa na kampuni nzima. Mtungi wake wa hewa umekufa, kwa hiyo hakipandi. Egemeo lake linalegea. Na ndani yake kimebeba kila kitu ambacho mwili wa binadamu huacha nyuma.

"Lakini kwa nini?" nilimuuliza msimamizi wetu, ambaye wote walimwita Kamanda. Alikuwa na tabia ya kula karanga akisoma madai, na maganda yalimganda kwenye tai.

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini anayeandika kutwa nzima apewe kiti kibovu kuliko wote? Bosi yuko kwenye mikutano nusu ya siku."

Kamanda aliniangalia kwa huruma. "Binti, wewe nyumbani kwenu chai anaanza kumiminiwa nani? Mtoto au baba?"

"Baba, lakini baba hainywi kisha akawarudishia wengine kikombe hichohicho."

Mhasibu alishika tumbo kwa kucheka. Kamanda hakucheka. Aliniambia nirudi kwenye kiti changu, na kiti changu kilikuwa cha plastiki, kile cha kukodisha harusini, kwa sababu mimi nilikuwa bado sijaingia kwenye mstari.

Sitaki mtu afikiri kwamba Bi Pembeni alikuwa mtu wa kulalamika tu. Kila kilichokuwa ndani ya uwezo wake alikuwa amekirekebisha. Skrini aliiinua kwa kuiwekea rimu za karatasi chini yake, ili asiinamishe shingo. Droo iliyovunjika aliigeuza kifudifudi ikawa kipumziko cha miguu. Kibodi aliifungua mwenyewe kwa ncha ya kisu, akatoa makombo, nywele na mende mmoja aliyekauka kama kokwa, kisha akaipangusa kwa spiriti. Kikombe alikuwa na chake, na alikifungia kwenye droo. Saa ya chai alisimama, akanyoosha mikono, akazungusha shingo, akatazama mbali kupitia mlango uliokuwa wazi ili macho yapumzike. Wenzake walimwita mwalimu wa michezo. Yeye aliendelea kuzungusha shingo.

Kiti tu ndicho kilichomshinda. Nacho ndicho kilichokuwa kikimla mkono.

Ilianza na kidole gumba, kisha vidole viwili vinavyofuata. Vilikuwa vikifa ganzi. Asubuhi aliamka akavikuta vimelala kama si vyake, ikambidi avipige kwenye paja mpaka viamke. Baadaye ganzi haikusubiri tena asubuhi. Ilimjia katikati ya dai, akiwa ameandika nusu ya jina la mgonjwa, na mkono ukabaki juu ya kibodi kama samaki. Alikuwa mjane. Watoto wake wakubwa walikuwa na maisha yao, na nyumbani alibaki na kitindamimba wake, binti wa shule ya sekondari.

"Baba yao alikufa zamani," aliniambia siku moja akiuvuta mkono kidole kwa kidole. "Sasa huu mkono ndio mume niliyebaki naye. Huu ndio unaoleta unga nyumbani. Na huu nao ukiniacha, mwanangu, nimekwisha."

Jioni moja mkoba ulimponyoka kwenye ngazi, vitu vyake vikatawanyika hadi chini, nami nikaamua kumsindikiza. Alikaa vyumba viwili, sakafu imepigwa deki ikang'aa, dirisha wazi, pazia linapepea. Nilivuta pumzi mpaka nikaona aibu. Binti yake alitupokea, akanisalimia vizuri, kisha bila kuambiwa akamvua mama yake viatu, akamfungulia vifungo vya blauzi kwa nyuma, akachukua chanuo na kuanza kumfumua nywele.

"Mama hawezi tena kushika chanuo," aliniambia kama mtu anayetaja habari ya mvua. "Juzi alikidondosha kikombe. Akasema kimeteleza. Mama, kiliteleza?"

"Kiliteleza."

"Mwongo wewe."

"Hebu mwone huyu! Anamwita mama yake mwongo mbele ya mgeni." Lakini alimwacha aendelee kuchana.

Alikuwa amekwenda hospitali. Daktari wa mifupa alimweleza kwamba mshipa wa kwenye kifundo cha mkono ulikuwa ukibanwa, na kwamba akiendelea kukaa vile, mabega juu na viganja vimepinda, nyama za kiganja zingeanza kunywea na vidole visingerudi. Alimwambia atafute kiti kinacholingana na mwili wake. Bi Pembeni alimjibu kwamba angepata mume mwingine kwanza.

Ofisini habari za mkono zilimfikia Kamanda. Hakuja kwa ubaya. Alikuja na karanga zake, akamwekea chache mezani, akasema, "Dada, kama mkono umechoka, useme. Hakuna anayekulazimisha. Tuna huyu binti hapa, vidole vyake bado vipya. Anaweza kushika meza yako." Akanionyesha mimi kwa kidevu.

Nilitamani sakafu ifunguke. Bi Pembeni alizisukuma zile karanga moja moja mpaka zikaanguka kwenye kapu la takataka. "Kaka," alimwambia, "mpe kiti kwanza. Halafu tuone vidole vyake vitakaa vipya mpaka lini."

Ndipo alipokuja ofisa wa usalama kazini kutoka makao makuu. Alikuwa mwanamke mwenye miwani, asiyecheka ovyo, na alitembea na futi ya fundi cherehani mfukoni. Aliingia, akasimama mbele ya ndoo, akasoma hali ya chumba chote kwa pua, kisha akatoa leso. Alimkuta Bi Pembeni ameegesha paja. Hakuuliza swali. Alimpima kutoka goti hadi kisigino, kutoka nyonga hadi goti, kutoka kiwiko hadi meza.

"Anashonewa sare?" mhasibu alinong'ona.

"Anachukuliwa vipimo vya jeneza," alijibu dada wa mapokezi.

Ofisa aliwasikia. "Kiti," alisema. "Mama huyu atapata kiti cha vipimo vyake. Na hilo kabati litoke dirishani, na hiyo ndoo sitaki kuikuta nikirudi."

Kabati lilitoka, kwa jasho la wanaume wanne. Nyuma yake tulikuta ukuta uliovaa ukungu mweusi kama manyoya, kiota cha panya, na kipande cha mkate kilichokuwa kimeota nywele. Lakini dirisha lilifunguka. Hewa iliingia, karatasi zikaruka, na dada wa mapokezi akapiga vigelegele. Ndoo nayo ilimwagwa, na bomba likaelekezwa nje. Niliamini kwamba mambo yamenyooka. Mimi ni mtu wa kuamini haraka.

Kiti kilifika katikati ya juma, kimefungwa kwenye nailoni nene. Kilikuwa kidogo, kizuri, cha kijivu, na kishikio cha kukipandisha na kukishusha. Bi Pembeni alisimama. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiona aibu ya furaha, akipangusa viganja kwenye sketi.

Kamanda alikipokea mlangoni, akakisukuma. Kikapita meza ya mapokezi, kikapita ya mhasibu, kikapita ya Bi Pembeni bila kupunguza mwendo, kikaingia kwa meneja. Mlango ukafungwa. Muda mfupi baadaye ukafunguliwa, na kikatoka kiti kikubwa cheusi cha meneja. Kamanda alikikalia, akazunguka nacho mara moja kwa majaribio. Kile cha Kamanda kikaenda kwa mhasibu, cha mhasibu mapokezi, cha mapokezi kwa Bi Pembeni. Watu walipiga makofi. Magurudumu yalilia kwenye korido kama nguruwe. Na kile kiti chenye doa la chai, kwa kuwa sasa kilikosa mtu, kikasukumwa hadi kwangu.

"Hongera, binti," Kamanda alisema. "Umeingia kwenye mstari. Leo rasmi wewe ni mwenzetu."

Nilishukuru. Naandika hivi kwa kichefuchefu, lakini nilishukuru, kwa kuwa nilifundishwa kushukuru ninapopewa kitu.

Bi Pembeni alijaribu kukikalia chake. Kiti alichopata kilikuwa na mikono mikubwa iliyogandishwa kwa misumari, iliyotengenezwa kwa mtu mwenye kiwiliwili mara mbili ya chake. Mikono hiyo iligonga meza, kwa hiyo hakuweza kusogea karibu. Ilimbidi ainame mbele na kuinyoosha mikono kama anayechuma matunda ng'ambo ya ua. Kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Na meneja naye, mtu mrefu mwenye tumbo na mapaja ya kutosha, alikuwa amekunjwa kwenye kiti cha vipimo vya mwanamke mfupi, magoti yakipanda hadi karibu na kifua. Kupitia mlango nilimwona akijigeuza huku na huku. Nailoni hakuitoa. Alisema kikifunuliwa kitachafuka. Kwa hiyo alikaa juu ya plastiki kutwa, na kila alipoinuka tulisikia mlio wa ngozi ikibanduka kwenye mahali pabichi, na nyuma yake shati liliganda na kuonyesha fulana. Baada ya majuma kadhaa mtu aliyeingia na barua kwake alitoka akiwa ameshikilia pumzi. Jasho lilikuwa limepenya, na chini ya nailoni kulikuwa na maji. Naam, maji, yakitembea upande huu na upande ule kadiri alivyoegemea.

"Bosi anafuga samaki," mhasibu alisema.

Ijumaa iliyopita, baada ya chakula cha mchana, Bi Pembeni alikuwa akiandika dai la mtoto aliyevunjika mkono. Nilimsikia akiacha. Nilipogeuka, mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya kibodi na herufi moja ilikuwa ikijiandika yenyewe kwenye skrini, mstari baada ya mstari. Aliutazama. Kisha aliuinua kwa mkono wa kushoto, akauweka mapajani kama mtu anayemlaza mtoto.

Alipoinuka alikuja kwangu. "Mwanangu, simama."

Nilisimama. Alichukua mkasi mkubwa wa kufungulia vifurushi, akakigeuza kiti changu, kile cha doa, kifudifudi katikati ya chumba.

"Dada, unafanya nini?" Kamanda aliinuka. "Hiyo ni mali ya kampuni!"

"Nataka tuone tunachorithishana." Aliushika mkasi kwa mkono wa kushoto, akauchoma chini ya kiti, na akavuta. Kitambaa kilipasuka kwa sauti ya nguo mbovu. "Nisaidie, mwanangu. Mkono mmoja hautoshi."

Nilishika kitambaa nikakivuta. Kwanza ilitoka harufu, na dada wa mapokezi alikimbilia dirishani. Kisha vitu vilianza kumwagika kutoka kwenye mpasuko kati ya sponji na ubao, mahali ambapo kila anayekalia husukumiza kile asichotaka kionekane. Kope za bandia zilianguka kwanza, zimekauka kama miguu ya buibui, na dada wa mapokezi alipoziona akajiziba uso. Vikafuata vijiti vya meno, vimetafunwa ncha zote mbili, vingi sana, vikiwa vimeshikana kwa ubani wa kutafuna uliogeuka kuwa mweusi. Mhasibu aliacha kucheka. Halafu maganda ya karanga, yamelowa jasho mpaka yameoza, yakiwa na funza weupe waliokauka ndani yake. Kamanda alijipangusa tai. Na mwisho kabisa, chini ya mavi ya mende na magamba yao, zilimwagika kucha. Zilikuwa nene, za manjano, zimekatwa kwa umbo la mwezi mwandamo, na zilianguka sakafuni kwa mlio mdogo kama mchele unaomiminwa kwenye sinia.

Sote tulijua ni za nani. Kila Jumatatu, tangu niajiriwe, tulikuwa tukisikia kutoka nyuma ya mlango wa meneja ule mlio wa kikata kucha.

Nilikuwa nimekalia hizo. Bi Pembeni alikuwa amekalia hizo, kwa paja moja, akiandika magonjwa ya watu.

Mlango ulifunguliwa. Meneja alisimama pale, shati limemganda mgongoni, uso umevimba kwa kukosa usingizi. "Kelele za nini?" Kisha macho yake yakashuka sakafuni. Alitazama rundo lile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilimwona akizificha ncha za vidole vyake ndani ya viganja.

"Shikamoo, bosi," Bi Pembeni alisema. Alikuwa mkubwa wake kwa umri, na hakuwa amewahi kumwamkia.

"Mama, usiniamkie hivyo."

"Nakuamkia kwa sababu nataka kukuomba. Naomba kiti changu. Kile nilichopimwa. Mkono wangu umekufa leo mbele ya huyu mtoto, na ukifa moja kwa moja sitakuwa na wa kumlaumu ila nyinyi wote humu ndani."

Kamanda aliingilia. "Bosi, ukimpa moja kwa moja, mstari mzima unaharibika. Mimi nitakaa wapi? Mhasibu atakaa wapi? Kesho kila mtu atataka kiti chake!"

"Basi kila mtu apimwe," Bi Pembeni alisema. "Huoni hata yeye mwenyewe anavyoumia? Bosi, mgongo wako una hali gani?"

Meneja alijishika kiuno. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Silali, mama. Nalala ubavu mmoja kama mjamzito."

"Kiti cha kwanza kilikuwa kinakufaa?"

"Kile cheusi? Kilikuwa godoro."

"Na Kamanda anazunguka nacho kama mtoto kwenye bembea. Miguu haigusi chini."

"Inagusa!" Kamanda alisema.

"Kwa ncha za viatu."

Hapo mhasibu alishindwa kujizuia, na dada wa mapokezi naye, na nadhani hata meneja kona ya mdomo ilimcheza. Lakini alipotazama tena zile kucha uso wake ulirudi kuwa mzito. Alichukua fagio lililokuwa pembeni ya mlango. Sijawahi kumwona ameshika fagio. Alizoa mwenyewe, vya kwake na vya wenzake, akavitia kwenye mfuko, akaufunga fundo. Kisha akasema, bila kumtazama mtu:

"Jumatatu asubuhi, watu wote wakiwa wamefika, nitakitoa mwenyewe. Nitakisukuma mpaka kwenye meza yako, mama."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Jambo hilo halijawahi kutokea. Kiti kutoka kwa meneja kwenda moja kwa moja kwa mwandishi wa madai, bila kukaliwa njiani! Jana Jumamosi mhasibu alinipigia simu kunieleza kwamba Kamanda amekwenda nyumbani kwa meneja, amevaa suti, kumshawishi abadili mawazo. Anasema heshima ya ofisi itaanguka. Mhasibu hajui waliongea nini. Aliona tu gari la Kamanda likiwa limeegeshwa hapo mchana kutwa.

Leo nimekwenda kumwona Bi Pembeni. Mkono ameufunga kitambaa chenye maji baridi. Hakutaka tuzungumze habari za Kamanda. Amemwambia binti yake amwandalie blauzi ya bluu, na binti ameniomba nimpigie simu ya shule, kwa mwalimu wa zamu, mara tu meneja atakapofungua mlango. "Usisubiri afike mezani, dada," alisema. "Mlango ukifunguka tu, unapiga. Nitajua mwenyewe kinachofuata."

Nimemwahidi. Simu nimeichaji, salio nimeweka, na namba ya mwalimu nimeshaijaribu mara moja mpaka akauliza mimi ni nani. Kesho nitafika kabla mlinzi hajafungua geti.